Mrithi Haokotwi Mwezi wa Sita

Kila ifikapo Mei, klabu nyingi za kujitolea huingia kwenye msako wa kimyakimya. Rais anamaliza muda wake Juni 30, aliyetarajiwa kumrithi kahamishiwa mkoa mwingine au kasema kazi zimemzidi, na simu zinaanza kupigwa usiku: "Kaka, tubebe mwaka huu mmoja tu, sisi tupo nyuma yako." Anayekubali anakubali kwa kuona haya. Julai anavishwa mkufu wa urais na kukabidhiwa kengele, watu wanapiga picha, wanakula, wanatawanyika. Kufikia Septemba yuko peke yake. Hajui akaunti ina kiasi gani, wanakijiji waliahidiwa nini kuhusu kisima, wala ahadi hiyo aliitoa nani.

Nimeyaona haya katika klabu zaidi ya moja, na katika klabu yangu niliyasababisha mwenyewe. Mwaka wangu wa urais nilishika kila kitu: barua niliandika mimi, wafadhili niliwapigia mimi, fundi nilimfuata mimi. Miradi ilikwenda vizuri na tulipongezwa. Mrithi wangu alinipigia simu karibu kila siku kwa miezi mitatu, kisha akaacha kupiga, na baadaye akaacha kuja mikutanoni. Nilidhani nimemwachia klabu iliyo hai, kumbe uhai wake wote ulikuwa kichwani mwangu.

Kwa hiyo nakuandikia wewe ambaye mwaka huu umeshika klabu ya namna hii, iwe ya Rotary, ya Lions, au kikundi cha mtaani kwenu kisicho na jina kubwa. Nitatumia zaidi mifano ya Rotary kwa kuwa ndiko nilikolelewa. Semina za uongozi ni nzuri na ninazo vyeti vyake, lakini sijaona semina iliyomtengeneza kiongozi. Kila niliyemwona ameiva aliivishwa na kazi nzima aliyokabidhiwa mapema, yenye fedha ndani yake na yenye kuweza kuharibika, huku mkubwa wake akiwa karibu na mikono kaifunga nyuma.

Zamu ndiyo asili yenyewe

Februari 23, 1905, wakili Paul Harris alikutana na wenzake watatu katika ofisi ya mmoja wao mjini Chicago. Mwanzoni walikutana kwa zamu, wiki hii ofisini kwa huyu, nyingine ofisini kwa yule, na jina Rotary likatokana na mzunguko huo. Huwa nawakumbusha wanachama wapya jambo hili kwa sababu malalamiko ninayoyasikia zaidi ni kwamba mwaka mmoja wa urais hautoshi kufanya lolote. Hautoshi, ikiwa mtu anaanza kujifunza siku anayovishwa mkufu.

Kanuni zimeshaliona hilo. Katiba ya kawaida ya klabu ya Rotary inataka rais achaguliwe si chini ya miezi 18 na si zaidi ya miaka miwili kabla ya siku ya kuanza kazi. Kwanza anakuwa rais mtarajiwa. Julai 1 ya mwaka unaotangulia urais wake anakuwa rais mteule, mwaka unaofuata anakuwa rais, na akimaliza anabaki kwenye bodi kama rais aliyetangulia. Fungua kumbukumbu za klabu yako uone kama majina hayo yapo, kisha jiulize kila mmoja anafanya nini. Mara nyingi utakuta jina limeandikwa na mwenye jina hana kazi. Miezi 18 si michache. Kwa fundi cherehani, mwanagenzi mwenye bidii huanza kukata nguo za wateja kabla muda huo haujaisha.

Ijaze miezi hiyo. Rais mtarajiwa aandike mihtasari ya vikao vya bodi kwa miezi mitatu, katibu akiipitia. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kuielewa klabu kuliko kulazimika kuandika nani alisema nini na kipi kiliamuliwa. Kisha asimamie mradi mmoja kuanzia barua ya kwanza hadi taarifa ya mwisho kwa mfadhili. Akishakuwa mteule, aongoze mkutano mmoja kila mwezi, kuanzia kengele ya kufungua hadi kengele ya kufunga, na wewe ukae katikati ya wanachama kama mwanachama mwingine yeyote. Bajeti ya mwaka wake aiandike yeye, kabla Aprili haijaisha, akiwa na mweka hazina wake.

Na uandae watu wawili. Klabu zetu zimejaa watumishi wa serikali, mameneja wa matawi ya benki, madaktari na walimu, watu ambao barua moja ya uhamisho inaweza kuwaondoa mjini ndani ya wiki mbili. Ukimtegemea mmoja, umeiweka klabu mikononi mwa idara ya utumishi ya ofisi usiyoijua.

Aliyechana boksi

Mwaka wangu wa urais tuliendesha kambi ya macho katika shule ya msingi, kilomita kama 40 kutoka mjini. Gari la madaktari lilichelewa. Kufikia saa tatu asubuhi watu zaidi ya 200 walikuwa wamejipanga juani, wengi wao wazee, baadhi wakishikwa mkono na wajukuu. Sisi viongozi tulisimama kivulini tukipiga simu kuuliza gari limefika wapi.

Msichana mmoja wa Rotaract, klabu ya vijana ya Rotary, ambaye mikutanoni hakuwa akisema neno, aliliendea boksi tupu la maji ya chupa, akalichana vipande vipande, akaandika namba kwa kalamu ya wino mzito na kumpa kila mtu kipande chake. Kisha akawaambia: "Babu, bibi, ukiwa na hiki namba yako haipotei. Njooni mkae chini ya mwembe." Akawaomba wanafunzi wakubwa watoe madawati. Akapita kwa kila mmoja akiuliza shida yake, wasioona maandishi ya karibu akawaweka upande huu, wenye wingu machoni upande ule. Waliotoka mbali bila kunywa chai akawanunulia mikate dukani, kwa fedha yake. Madaktari walipofika saa tano kasoro, walianza kazi mara moja. Hakuna aliyekuwa amemtuma.

Jioni tulimpigia makofi, na mwezi uliofuata tukamfanya mshereheshaji wa hafla ya klabu. Hapo tulikosea. Tulikuwa tumeona mtu anayeweza kuongoza, tukampa kipaza sauti badala ya kazi.

Unapotafuta viongozi wako wa baadaye, usianzie kwa wanaozungumza vizuri. Mtazame mtu wakati mambo yameharibika kidogo. Nani anabaki kukusanya viti? Nani anarudisha jibu kabla hujamuuliza? Nani anakuletea habari mbaya mapema, ukumbi ukiwa haujapatikana bado na wiki mbili zimebaki, badala ya kukuambia asubuhi ya siku yenyewe? Na nani akihama meza, watu wawili watatu wanahama naye? Hilo la mwisho nalithamini sana. Mwaka 1955, TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kilipohitaji mwanamke wa kuongoza tawi lake la wanawake, kazi iliangukia kwa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha wanawake hapo Dar es Salaam. Shule aliyosoma ilikuwa ndogo. Lakini alikuwa amezoea kusimama mbele za watu, aliwajua viongozi wa vikundi vingine vya ngoma, na kupitia vikundi hivyo wanawake wengi walifikiwa na kujiunga na chama. Uwezo wake ulikuwa umekwisha kupimwa mahali ambapo wakubwa wa siasa hawakuwa wakitazama.

Kumtuma mtu na kumkabidhi

Sisi tumelelewa kwa kutumwa, na sioni ubaya wake. Tatizo ni pale ambapo kutumwa hakuishi. Kijana anapanga viti, anatengeneza bango, anapiga picha, anazipandisha kwenye kundi la WhatsApp. Anaweza kufanya hivyo miaka mitano bila kuamua jambo hata moja. Anayekabidhiwa ni mwingine: kazi yake ina mwanzo na mwisho, ina fedha, ina watu wa kuwaongoza, na isipofanikiwa kila mtu ataona.

Kabla hujamkabidhi mtu, kaeni pamoja mwandike karatasi moja, isizidi. Yetu ya kwanza ilisomeka hivi: "Kambi ya macho, mwezi wa kumi. Fedha iliyopo ni shilingi 2,500,000. Shule, tarehe, usafiri na chakula unaamua mwenyewe. Matumizi yakizidi bajeti, au mfadhili akibadilisha masharti, leta kwenye bodi. Tuonane Agosti 15, Septemba 15 na wiki moja kabla ya kambi." Wote wawili, rais na aliyekabidhiwa, waliweka saini. Karatasi hiyo inamlinda kijana dhidi yako wewe zaidi ya inavyokulinda wewe dhidi yake, maana mkubwa mwenye wasiwasi hupiga simu kila asubuhi, na anayepigiwa kila asubuhi hajakabidhiwa kitu.

Aliyekabidhiwa karatasi ile ni yuleyule msichana wa maboksi. Miaka miwili ilikuwa imepita, klabu ilikuwa na rais mwanamke mwenye subira kuliko mimi, nami nilikuwa mwanachama wa kawaida. Alipanga kila kitu vizuri isipokuwa siku. Alichagua Jumatano, na Jumatano ilikuwa siku ya gulio katika kata ile. Saa nne asubuhi madaktari walikuwa wamekaa na wagonjwa 11. Nilishika simu kumpigia mganga mkuu wa wilaya niahirishe kambi. Rais akanishika mkono: "Kaka, kazi hii si yako."

Msichana alikaa kwenye ngazi ya darasa dakika kama tano, kimya. Kisha akamfuata mwenyekiti wa kijiji, wakaenda naye hadi gulioni, mwenyekiti akapanda juu ya kreti la soda na kutangaza kwa sauti yake mwenyewe. Vijana wa bodaboda walikubali bei moja ya kuwaleta wazee na kuwarudisha. Kufikia saa kumi jioni watu 143 walikuwa wamepimwa.

Baadaye mzee mmoja wa klabu aliniambia alijua tangu mwanzo kuwa Jumatano ni siku ya gulio, akanyamaza "ili ajifunze." Hapa sikubaliani naye kabisa. Kumwacha mtu aelekee shimo unaloliona si malezi, na katika shimo lile wangeanguka wagonjwa, si yeye peke yake. Swali moja lingetosha: "Tarehe umeizungumza na mwenyekiti wa kijiji?" Lenyewe halimnyang'anyi kazi. Mimi najiwekea mipaka mitatu: nikiona afya ya mtu hatarini, fedha ya klabu ikipotea, au jina la klabu likichafuka, nasema wazi. Mengine yote nauliza tu, na nikishauliza naondoka.

Jioni ileile, kabla watu hawajapanda gari, kaeni dakika 20. Tulipanga nini, kimetokea nini, mara nyingine tubadilishe nini. Aliyeongoza aanze kuzungumza, wakubwa wamalizie. Yaandikwe kwenye daftari la miradi. Katika daftari letu, mstari wa kwanza wa siku ile unasema: "Uliza siku ya gulio." Tangu hapo hatujakosea tena.

Fedha

Klabu nyingi huwafundisha vijana kila kitu isipokuwa fedha, kisha hushangaa pale wanapoogopa uongozi. Tulikuwa na mweka hazina mmoja aliyeshika kazi hiyo kwa miaka minane. Alikuwa mwaminifu hadi senti ya mwisho. Hesabu aliziandika kwa penseli kwenye daftari kubwa la kaunta, kwa vifupisho alivyovijua yeye. Siku alipougua ghafla, tuligundua kwamba watia saini benki walikuwa wawili, yeye na mwenzake aliyekwisha kuhamia nje ya nchi. Fedha ya kisima ilikuwepo benki na fundi alikuwa tayari, lakini kwa miezi minne hatukuweza kutoa hata shilingi. Nilikwenda kule kijijini mara moja katika miezi hiyo. Shimo lilikuwa limefunikwa kwa mabati na mawe juu yake, na akina mama walipita kando yake na ndoo wakielekea mtoni. Mmoja akanisalimia kwa heshima zote na hakuuliza chochote.

Hivyo, usimruhusu mweka hazina, hata awe mwaminifu vipi, akae bila msaidizi. Na msaidizi ndiye aandike vitabu, mweka hazina akague. Wengi hufanya kinyume chake, mkubwa anaandika na mdogo anatazama, na anayetazama hajifunzi. Watia saini wawe watatu, wawili kati yao watoshe kupitisha malipo. Michango isipite kwenye simu ya mtu binafsi, hata kwa siku moja. Fungueni namba ya malipo yenye jina la klabu.

Kila mwezi, taarifa ya benki isomwe mkutanoni na mwanachama asiye kwenye bodi, kila mwezi mtu mwingine. Asome salio la mwanzo, kilichoingia, kilichotoka na salio la mwisho, kisha maswali yaulizwe. Mara ya kwanza atasoma akitetemeka. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na watu 12 wanaoelewa fedha za klabu, na miongoni mwao wawili watakuwa wameanza kuuliza maswali ambayo hata mweka hazina hakuyafikiria. Andika majina yao.

Kijana mpya umwanzie na masurufu madogo, tuseme shilingi 200,000, ayarejeshe kwa risiti ndani ya siku saba. Akirejesha vizuri, mradi unaofuata mpe zaidi. Akichelewa, muulize siku ya nane, si mwezi wa tatu. Na hapa kuna jambo linaloniuma hadi leo. Yule msichana hatukumrudishia fedha ya ile mikate chini ya mwembe. Hakudai. Nililikumbuka miaka miwili baadaye, nilipojua kuwa wakati ule alikuwa bado anatafuta kazi. Vijana wengi wanaotuacha hawagombani na mtu. Nauli inawashinda, muda wa maongezi unawashinda, wanaona haya kusema, na siku moja hawaji. Kila baada ya shughuli uliza kwa sauti, mbele ya wote: nani ametumia fedha yake? Na irudi wiki hiyohiyo.

Shikamoo na kengele

Penye wazee haliharibiki neno, tunasema, na mimi naamini hivyo. Lakini nimekaa kwenye mikutano ambayo penye wazee neno la kijana halikusemwa kabisa. Mwenyekiti mwenye umri wa miaka 27 anamwambiaje mzee wa miaka 70, aliyemlipia ada ya shule, kwamba muda wake umekwisha?

Jibu letu lilikuwa kengele. Kabla haijalia, salamu zote zinafuata umri, kijana anaamkia na mzee anaitikia. Ikishalia, kila anayetaka kuzungumza anaomba ruhusa kwa aliyekaa kitini, na anamwita Rais. Wazee wenye heshima kubwa wawe wa kwanza kufanya hivyo. Zungumza nao kabla, nyumbani kwao, uwaombe kama msaada kwa klabu. Nilipokwenda kwa mzee wetu mkubwa na ombi hilo alicheka akakubali, na mkutano uliofuata alisimama, akasubiri aitwe, akasema: "Mheshimiwa Rais, naomba dakika mbili." Mkutano mzima ulijinyoosha vitini.

Kijana naye umpe maneno. Ukimwambia "jiamini" hujamsaidia. Mfundishe sentensi zenyewe, azizoee mdomoni: "Mzee wetu, tunakushukuru, naomba nimpe nafasi na mwingine aliyenyoosha mkono." "Hoja hii ni nzito, naomba tuipeleke kamati itueletee majibu mkutano ujao." "Naomba nirudie tulichokubaliana ili katibu aandike." Kwa mkutano wenye fujo kidogo, sentensi hizo tatu zinamfikisha mwisho.

Akikosea, mrekebishe baadaye, mkiwa wawili. Ukimsahihisha mbele ya ukumbi umemvua mkufu.

Neno kuhusu Rotaract, maana ndiko viongozi wengi wanakotoka. Ilianza mwaka 1968, na Interact ya wanafunzi wa sekondari ilitangulia mwaka 1962. Kwa muda mrefu Rotaract ilikuwa na kikomo cha umri wa miaka 30, lakini tangu Julai 1, 2020 kikomo hicho kimeondolewa, na klabu zao zinahesabiwa kuwa wanachama wa Rotary International. Tangu 2016 kijana anaweza kuwa mwanachama wa Rotaract na wa Rotary kwa wakati mmoja. Milango hiyo iko wazi na bado kuna klabu zinazowaita vijana siku ya kubeba maboksi tu. Kinachowazuia kuvuka ni gharama: ada, na chakula cha hoteli kila wiki. Bodi iamue ada ya chini kwa miaka miwili ya kwanza, na mkutano mmoja kati ya miwili ufanyike mahali penye chai na maandazi. Sisi tulifanya hivyo na hakuna mkubwa aliyekonda.

Na wanawake. Rotary iliwafungulia mlango rasmi dunia nzima mwaka 1989, na ilifika 2022 ndipo Jennifer Jones wa Kanada akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa Rotary International. Kwenye klabu zetu utakuta mwanamke yuleyule ni katibu mwaka wa tano mfululizo, eti ana mwandiko mzuri. Mpe mradi wenye fedha na safari. Na kama mkutano unaisha saa tatu usiku, usiulize kwa nini wanawake vijana hawaji. Panga usafiri au rudisha saa nyuma.

Juni yote ni ya makabidhiano

Kabla ya kukabidhi, hakikisha yupo wa kukabidhiwa. Sam Owori wa Uganda alijiunga na klabu ya Rotary ya Kampala mwaka 1978. Alipokuwa gavana wa wilaya ya Rotary mwaka 1987-88, Uganda ilikuwa na klabu tisa. Alipoteuliwa kuwa rais wa Rotary International kwa mwaka 2018-19, zilikuwa 89. Angekuwa Mwafrika wa pili kushika nafasi hiyo, baada ya Jonathan Majiyagbe wa Nigeria mwaka 2003-04. Alifariki Julai 2017, karibu mwaka mzima kabla ya kuanza. Msiba ule ulituumiza sana Afrika Mashariki. Kiti kilijazwa na Barry Rassin wa Bahamas, aliyeanza kazi Julai 1, 2018 bila siku kupotea, kwa sababu kanuni zilikuwa na jibu na watu waliokwisha kuiva walikuwepo. Nimewahi kuwauliza marais wa klabu: mteule wako akiondoka kesho, jina linalofuata ni la nani? Wengi hunyamaza.

Sasa makabidhiano yenyewe. Mabadiliko ya watia saini wa benki yatangulie, yaanze Mei. Benki itataka dondoo ya muhtasari uliopitisha majina mapya, vitambulisho, picha na fomu, na kitu kimoja kitakosekana, mtarudishwa. Ukingoja Julai, mweka hazina mpya ataishika fedha Septemba.

Faili uijue: katiba na kanuni ndogo za klabu, mihtasari, hesabu zilizokaguliwa, orodha ya mali na zilipo, nywila za barua pepe na kurasa za klabu. Lakini karatasi ninayoithamini kuliko zote ni ile ya ahadi. Andika kila ulichomwahidi mtu na hakijatimia: madawati ya shule fulani, barua ya shukrani kwa mfadhili, kisima kinachongoja pampu. Iandike hata kama inakuaibisha. Mrithi wangu aliambiwa na wanakijiji juu ya ahadi niliyoitoa mimi kwa mdomo, akasimama pale hana la kusema.

Watu hawakabidhiwi kwa faili. Mchukue mrithi wako, nendeni pamoja kwa mtendaji wa kata, kwa mganga mkuu wa wilaya, kwa fundi wa pampu, kwa dada anayepanga ukumbi. Sema: "Kuanzia Julai mtazungumza na huyu." Kisha nyamaza, waanze kuzungumza wewe ukiwa hapo hapo.

Baada ya Julai 1, kwa miezi mitatu, usimpigie. Akikupigia, jibu alichouliza na uishie hapo. Kwenye kundi la WhatsApp, likitokea jambo, jibu la kwanza lisiwe lako. Ni vigumu, tena sana kwa aliyeipenda kazi. Hivyo uombe kazi ndogo, yenye saa maalumu, inayokuweka mbali na meza ya mbele.

Miaka sita baada ya kambi ile ya kwanza, msichana aliyechana boksi alivishwa mkufu. Alikuja kwangu mwenyewe akaniamkia, akaniambia amenipangia meza ya mlangoni. Kazi yangu ni kupokea wageni, kuwaandikisha, kuwapa beji na kuwaonyesha viti. Mkutano wake wa kwanza nilisikia kengele nikiwa nje, na viti vikivutwa. Nilikuwa na mgeni mmoja, mwalimu wa sekondari aliyehamia mjini wiki iliyotangulia, akiandika jina lake taratibu kwenye daftari. Akauliza rais ni nani. Nikausukuma mlango kidogo ili amwone.